Kalamu ya Nesta

Mpangaji wangu Venance alikuwa fundi wa kalamu. Si kuzirekebisha, ni kuzitengeneza, zile nene za zawadi zenye picha ya mtu ndani. Hapa mtaani Sogea walimcheka mpaka wakachoka. Hata mimi nilimwambia, "Baba, Tunduma nzima inauza mahindi, wewe unauza sura za watu?" Akacheka. Hakuwa na makelele, nikamwacha.

Siku hiyo nilikuwa barazani nachambua maharage, sufuria nyingine ikichemka kwenye jiko la mkaa pembeni yangu, karibu na mlango. Kiangazi, vumbi la malori kila mahali. Akaja Imelda, binti wa marehemu mdogo wangu, na mtoto wake Dina. Dina alizaliwa pacha. Mwenzake, Nesta, tulimzika kijijini Igamba mwezi wa tano, na tangu hapo Imelda hakuwahi kulia. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia kaa anakaa. Kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, na ganzi ikagoma kuisha.

Alitaka kalamu ya Nesta. Venance akapokea picha, akaichapisha ndogo, akatoa brashi na gundi nyeupe ya mbao.

"Mbona unampaka mtoto uji?" nikamuuliza.

"Naiziba, mama. Nisipoiziba, rezini itaingia kwenye karatasi, sura igeuke nyeusi." Rezini ni ile dawa anayoimimina juu, ikiganda inakuwa kama kioo. "Napaka mbele, nyuma na kingo zote. Pasibaki pa kupumulia."

Akaanza na uso.

Dina alikuwa kizingitini anatafuna hindi la kuchemsha. Akaacha kutafuna. Mdomo ukabaki wazi, punje zinaonekana juu ya ulimi.

Nikamwita. Nzi akatua kwenye jicho lake, akatembea juu ya mboni. Dina hakupepesa.

Venance akageuza karatasi, akapaka nyuma.

Mtoto akayumba, akaegemeza kiganja kwenye ubavu wa sufuria. Akakiacha pale. Nilimvuta mimi, ngozi ikabaki kwenye sufuria. Hakulia. Hakukunja uso. Kifua kilikuwa hakipandi.

"Imelda, picha ile ni ya nani?"

"Ya Nesta."

"Usinidanganye."

Akanong'ona, "Nesta hakuwa na picha, mama mkubwa. Siku waliyopigwa picha shuleni alikuwa anaumwa. Hiyo ni ya Dina. Si wanafanana?"

Midomo ya Dina ilishakuwa rangi ya majivu.

"Venance! Ioshe!"

"Imebaki ukingo mmoja tu, ma..."

"Osha, mpumbavu wewe! Mtoto anakufa!"

Akaitumbukiza kwenye beseni, akasugua kwa kidole gumba. Gundi ilikuwa mbichi bado, ikabanduka kama utando wa maziwa. Wino ukatoka nayo. Nywele. Paji. Macho.

Mtoto akavuta pumzi. Ndefu. Kama mtu aliyeopolewa kisimani. Kisha akalia.

Nikamshukuru Mungu, na mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Nikachota maji baridi, nikashika ule mkono nimmwagie.

Kiganja kilikuwa kizima.

Nikageuza cha pili. Kizima.

Pale kwenye sufuria ngozi ilikuwa bado inaungua. Harufu yake naijua.

"Mama," mtoto akanong'ona, "masikio yameziba."

Nikachukua kitambaa, nikampangusa sikio. Ukatoka udongo. Mwekundu, mbichi, wa chini kabisa, kama ule wa Igamba, na mvua tulikuwa tumeisahau. Nikampangusa la pili. Ukatoka mwingine.

Venance alitazama kitambaa, akatazama beseni. Imelda akachuchumaa, akageuza mgongo. Mtoto akapanda, akafungwa kanga.

"Twende nyumbani," Imelda akasema.

Hakuuliza ni yupi.

Niliuliza mimi. Walipofika barabarani niliita, "Dina!" Kwa sauti, majirani wakachungulia. Mtoto aliendelea kulaza shavu kwenye mgongo wa mama yake. Wala Imelda hakugeuka.

Venance alihama. Kile kitambaa ninacho. Nimekifua, nimekichemsha, nimekipiga pasi. Kila nikikikunjua udongo upo, na haujakauka.