Bwawa la Siku za Mvua

Mimi sikuwepo. Nalisema mapema, mtu asije akanibana kwa maswali nisiyo na majibu yake. Aliyekuwepo ni dada yangu mkubwa, wa tumbo moja, na alinisimulia mara moja tu, mchana kweupe, akiwa ameikalia mikono yake miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu.

Nyumbani tulimwita Bata, kwa sababu alijua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jina likamtafutia kazi. Asubuhi alifundisha watoto kuogelea, mchana alikaa kwenye kiti kirefu cha mwokoaji, filimbi shingoni, akihesabu vichwa. Miaka saba aliifanya kazi hiyo na hakupotelewa na kichwa hata kimoja.

Mji wenyewe unaishi kwa bahari. Jua likiwaka, wageni wa likizo hujazana ufukweni na kila mtu anacheka. Mvua ikija, bendera nyekundu hupandishwa, bahari inafungwa, na wazazi wanabaki vyumbani na watoto wasio na pa kumalizia nguvu. Siku ya kwanza wanachora. Siku ya pili wanacheza karata. Siku ya tatu wanaruka vitandani. Siku ya nne baba na mama hawasemezani.

Ndipo watu wanapokimbilia Jumba la Michezo. Ni jengo refu la bati karibu na ufukwe, na mlangoni kuna bango: MVUA ISIKUHARIBIE LIKIZO. Ukumbi wa mbele una meza za tenisi, chumba cha pembeni kina rangi na karatasi za watoto, na nyuma kabisa kuna bwawa la kuogelea, lote ndani ya paa, vigae vyeupe chini na pembeni. Nje mvua ipige itakavyo. Ndani watoto wanapiga mbizi.

Mwaka huo mvua ilinyesha mfululizo. Siku ya tatu mabomba ya mji yakaanza kutoa tope. Bwawa likageuka rangi ya chai, ikabidi limwagwe. Bosi akamwita fundi wa mitambo, mzee mmoja ambaye wote walimwita Fundi Pampu, akamwambia avunje kile kifuniko cha zege nyuma ya chumba cha mashine. Chini yake kulikuwa na kisima cha zamani, cha kabla ya jengo.

“Bosi, kisima kikikauka huachwa,” alisema Fundi Pampu. “Hiki kina maji, na bado kimezibwa. Aliyekiziba alikuwa na sababu.”

“Na mimi nina wageni mlangoni. Vunja.”

Zege likavunjwa. Lilikuwa na unene wa mkono mzima. Maji yakavutwa usiku kucha, na asubuhi ya siku ya tano bwawa lilikuwa limejaa, maji meupe kama kioo. Bata alitia dawa kama kawaida. Haikutoa harufu. Akachovya karatasi ya kupimia. Haikubadilika rangi. Jambo jingine, maji yalikuwa vuguvugu, joto la mwili wa mtu, na mtambo wa kupasha maji ulikuwa haujawashwa.

Alipotaka kuitoa ile karatasi, vidole vyake havikufunguka. Vilikuwa vimeifinya ndani ya maji mpaka kucha zikazama kiganjani. Alipoinua mkono, vikafunguka vyenyewe.

Akajiambia ni ganzi.

Saa nne milango ikafunguliwa na watu wakaingia kama siafu. Kina baba wenye vitambi, kina mama na mataulo, watoto wenye maboya mikononi. Muziki ukawekwa juu. Mvua ilipiga bati mpaka ikabidi watu wapige kelele wasikike.

Baba mmoja alifika na binti yake wa miaka sita, mkewe, na mama yake mzazi. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, na yeye mwenyewe alivaa miwani minene kama kitako cha chupa. Alimkabidhi Bata ile miwani.

“Dada, nitunzie. Bila hii mimi ni popo.”

“Basi usije ukatoka na mtoto wa mwenzio,” Bata akamjibu.

Wakacheka. Mkewe na bibi wakakaa kwenye benchi, bibi amekumbatia mwavuli wake kana kwamba mvua ingemfuata mpaka ndani. Baba na binti wakaenda upande wa kina kirefu, mtoto amening'inia mgongoni mwa baba yake.

Bata akapanda kwenye kiti chake. Akaanza kuhesabu vichwa vilivyokuwa majini. Wakubwa kumi na mmoja. Watoto tisa.

Walianza kwa mchezo. Nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi? Baba anamsukuma mtoto chini, mtoto anaibuka akicheka, anataka tena. Bata ameuona mchezo huo mara elfu. Baba wa miwani akamzamisha binti yake, Bata akahesabu kimoyomoyo. Tatu. Nne. Tano. Kumi.

Kumi na tano.

Akapuliza filimbi. Yule baba akageuka kumtazama. Mdomo wake ulikuwa bado unatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni. Mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooka chini ya maji, imekaza.

“Nisaidie,” Bata alimsoma midomoni. “Mikono hainisikii.”

Bata aliteremka kiti kwa kuruka. Hapo ndipo alipogundua kwamba kelele za watoto zimekoma. Muziki ulikuwa unaendelea. Mvua ilikuwa inaendelea. Lakini hakuna mtoto aliyekuwa anacheka, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa juu.

Wakubwa kumi na mmoja walisimama ndani ya maji, mikono chini. Wengine walikuwa wawili kwa mtoto mmoja, mume huku na mke kule. Wote walikuwa wanalia. Hakuna aliyeachia.

Kutoka kwenye benchi, mama mmoja kijana alipiga ukelele akajitupa majini kumwokoa mwanawe. Alimfikia. Alimshika. Halafu mikono yake ikateremka, ikaungana na ya mumewe, ikasukuma.

“Msiingie!” Bata alipiga kelele. “Mtu asiingie!”

Alishika ile fimbo ndefu ya kuokolea, yenye kitanzi cha chuma mwishoni. Miaka yote alikuwa akivutia nayo watu. Siku hiyo aliitumia kupigia. Alimpiga baba wa karibu usoni, pua ikapasuka, damu ikamwagika kwenye maji meupe. Yule baba hakuachia. Alipiga tena, meno yakaruka. Hakuachia. Akaingiza kitanzi chini ya kwapa lake, akavuta kwa nguvu zote mpaka mkono ukatoka juu ya maji.

Ulipotoka tu, ukalegea. Vidole vikafunguka vyenyewe.

Ndipo akaelewa.

“Mikono juu!” aliwapigia kelele waliokuwa ukingoni. “Itoeni mikono yao kwenye maji! Vunjeni ikibidi!”

Wakavunja. Watu waliokuwa wamekuja kustarehe walilala kifudifudi kwenye vigae wakawavuta ndugu zao kwa nywele, kwa masikio, kwa mataulo waliyowatupia shingoni. Mtu alimpiga shemeji yake kwa kiti cha plastiki mpaka bega likateguka. Mtoto mmoja akatolewa, akakohoa. Wa pili. Wa tatu. Damu ilikuwa imeenea kwenye maji kama wingu.

Fundi Pampu alitokea mbio na nyundo. Koki ya kumwagia maji ilikuwa haifunguki.

“Piga!” Bata akamwambia.

“Kuna baba aliwazamisha wanawe kisimani humo,” alisema yule mzee akiinua nyundo. “Mvua kama hizi. Bibi yangu alisema, nikacheka.”

“Piga, mzee wangu!”

Akapiga. Koki ikapasuka, maji yakaanza kushuka. Polepole. Polepole mno.

Watoto wanane walikuwa wametoka. Bata alihesabu mara mbili. Wanane.

Upande wa kina kirefu, mbali, fimbo isipofika, kilibaki kichwa kimoja juu ya maji. Baba wa miwani. Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anaita jina la binti yake na kumzamisha.

Mkewe alikuwa tayari ukingoni, anajiandaa kuruka. Bibi alimchapa mwavuli wa mgongoni, akamwangusha, akamkalia.

“Mkwe wangu, utamuua!” alilia. “Ukiingia utamuua!”

Bata alitazama maji. Akatazama mikono yake. Alikumbuka kucha zake asubuhi. Alijua akiingia na mikono yake, mtoto atakuwa na watu wawili wa kumuua badala ya mmoja.

Akampa bibi mgongo.

“Nifunge,” alisema. “Kwa nguvu zako zote.”

Bibi hakuuliza. Alivua mtandio wake, akamfunga dada yangu mikono kwa nyuma, mafundo matatu, la mwisho akalikaza kwa meno. Bata akaruka.

Aliniambia kwamba mara tu maji yalipomfunika, mikono yake iliamka. Ilijipinda kule nyuma, ikavuta mtandio, ikavunja yenyewe kifundo cha mkono mmoja ikitafuta njia. Alisikia mfupa ukilia ndani ya maji. Akapiga miguu. Hakuwa na kingine.

Mtoto alikuwa chini, macho wazi, nywele zimesimama. Mikono ya baba yake ilikuwa shingoni. Bata alimpiga yule baba teke la tumbo. Akampiga la koo. Kisha akapeleka mdomo wake na kumng'ata kidole gumba. Aling'ata mpaka meno yakakutana na mfupa. Alizidi kung'ata. Mfupa ukavunjika, mkono mmoja ukafunguka, akaurudia wa pili.

Kisha akamkamata mtoto kwa meno, kwenye ukanda wa nguo yake ya kuogelea, akapiga miguu kurudi.

Bibi alimvuta kwa nywele. Fundi Pampu alimpokea mtoto, akambonyeza kifua, akambonyeza, akambonyeza. Midomo ilikuwa ya buluu. Mkwe wa bibi alikuwa amelala kwenye vigae akijing'ata ngumi. Halafu mtoto akatapika maji, mengi kuliko tumbo lake lilivyoweza kubeba, akavuta pumzi.

Bata akageuka kumtafuta baba.

Mikono ya yule baba ilikuwa imepokonywa ilichokishika, na haikukaa bure. Ilikuwa imepanda kwenye shingo yake mwenyewe. Bata alimwona akizama bila kupiga hata teke. Fimbo haikumfikia. Mikono ya Bata ilikuwa bado imefungwa, mmoja umevunjika. Watu walikuwa wametazama ya kutosha, na hakuna aliyethubutu kuingia.

Maji yalichukua nusu saa kuisha. Walimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka akajipumzisha. Mikono imekaba koo. Ilibidi vidole vivunjwe kimoja kimoja ili aweze kulazwa sawa. Mama yake mzazi ndiye aliyevivunja. Hakukubali mgeni amguse mwanawe.

Watoto tisa walipelekwa hospitali, na wote tisa wakatoka. Serikali ilikuja ikapima hewa, ikasema ni dawa ya bwawa, ilizidi, ikawavuruga watu akili. Wazazi walikubali. Ungekuwa wewe, ungekubali. Bosi aliondoka mjini kabla ya mvua kukatika. Fundi Pampu alikimwagia kile kisima zege kwa siku mbili, peke yake, na alipoulizwa kama alichungulia ndani, alisema hakuchungulia. Aliyemuuliza anasema mzee alijibu kabla swali halijaisha.

Mimi niliingia katika habari hii hospitalini, nilipompelekea dada yangu nguo za kubadili. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Kitanda cha pili alilala yule binti, mama yake kando, bibi kando. Daktari alikuwa ameshika taa ndogo, anamkagua shingo. Alizihesabu alama za vidole. Akaacha. Akahesabu tena, midomo ikimchezacheza.

“Marehemu alikuwa na mikono mikubwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Hivi kumi ni vyake.” Akamgeuza mtoto taratibu. “Hivi vitano ni vya nani?”

Tukainama. Niliona kwa macho yangu. Chini ya kisogo kulikuwa na alama ya mkono mdogo, wa mtoto wa miaka mitano, sita. Ulimshika kutokea chini, gumba likielekea juu.

“Kulikuwa na mtoto mwingine karibu yake?”

“Hapana,” alisema Bata.

Daktari alizima taa, akaandika kitu kwenye faili, kisha akakikata.

Alama kumi za baba zilififia ndani ya wiki mbili. Zile tano hazikufifia. Bibi amekwisha kufa, yule binti sasa ana miaka kumi na tisa, na bado humtembelea dada yangu likizo zikifika. Huvaa nguo zenye kola ndefu hata wakati wa joto. Mwaka jana nilikuwepo alipokuja. Alikaa jikoni, akanipa mgongo, akashusha kola na kuniomba nitazame, kwa kuwa yeye hawezi kuona vizuri kwenye kioo na mama yake hukataa kumwambia ukweli.

Nilitazama. Nikapima kwa kiganja changu, nikiwa sijamgusa.

Ule mkono umekua. Vidole sasa ni virefu kama vyangu.