Shati la Maji Laini

Mtaa wa mafundi ulikuwa umefurika watu, na redio zilizokuwa zikijaribiwa zilipigiana kelele kila upande. Dobi alipenya katikati yao na pasi yake ya mvuke kwapani, gauni la manjano limemkaa sawasawa, uso ameukunja. Asubuhi hiyo pasi ilikuwa imetema uchafu mweupe juu ya shati la mteja, naye alikuwa na hakika kuna fundi wa hapo aliyembadilishia vifaa alipoipeleka kutengenezwa.

"Hapa mnaiba vitu vya watu," alisema kabla hata ya salamu.

Fundi wa meza ya mwisho, kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopauka ukosini, aliifungua pasi na kuigonga. Chokaa ikamwagika mezani.

"Hakuna aliyekuibia, dada. Pasi yako haiumwi, maji yenu ndiyo yanaumwa. Unakaa kule mlimani, sivyo?"

"Umejuaje? Unanifuatilia?"

"Sijaanza," fundi alicheka. "Nyie wa mlimani mnaletewa maji ya kisima, magumu kama mawe. Wenzenu wa ziwani wanapata laini. Kila birika lenye ugonjwa huu linatoka kwenu."

Pasi ikapona. Fundi akaomba afuliwe shati kuwa ujira wake, na dobi akamuuliza kama ataenda nyumbani kifua wazi. Mapenzi yao yalianza kwa kicheko hicho.

Kila wiki fundi alipeleka shati mlimani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtania mpenzi wake, kisha akampaka mafuta vidole. Vidole vile vilikuwa vimepasuka vibaya. Maji ya mlimani hayatoi povu mpaka umalize nusu ya mche wa sabuni, na sabuni hiyo yote hupita mikononi. Dobi alimpenda mpaka akaogopa. Mchumba wake wa zamani alikuwa na mwanamke mwingine, naye dobi aliligundua hilo kwa rangi ya mdomo kwenye ukosi wa shati alilolifua mwenyewe. Tangu hapo aliamini nguo kuliko midomo.

Basi siku moja, akichambua nguo chafu, alilishika shati la samawati, akasita. Nguo za mlimani hukauka zikakakamaa kama boksi. Hili lilimlegea mkononi, lina harufu ya sabuni asiyoijua.

"Dada, hebu shika hapa."

Dada yake, aliyekuwa akipiga pasi, alilipapasa shati. "Mh! Hili limefuliwa ziwani. Dalili ya mvua ni mawingu, mdogo wangu. Nani huko anamfulia mwanamume asiyekuwa wake?"

Kesho yake, fundi alipokwisha kulichukua shati lake, dobi akapiga simu.

"Fundi wangu, uko wapi?"

"Kazini, kipenzi. Nina birika la mtu hapa mbele yangu."

Nyuma yake maji yalikuwa yakimiminika kwenye beseni, na sauti ya mwanamke ikacheka: "Sugua na kwapani, bwana!"

"Na huyo anayecheka ndiye birika?"

Simu ikakatika. Jioni fundi alikuja akisema simu imeingia maji.

"Iliingiaje maji juu ya meza?"

Fundi akajikuna kichwa. Siku hiyo dobi hakumpa vidole vyake.

Wiki iliyofuata, siku ileile, dobi alivaa gauni lake la manjano na kupaka rangi ya mdomo. "Kama ni kuachwa," alimwambia dada yake, "niachwe nikiwa nimependeza." Akamvizia fundi mtaani kwake, akamfuata kwa mbali wakiteremka hadi ziwani, akamwona akiingia geti la kijani bila kubisha. Naye akaingia.

Fundi alikuwa amechuchumaa chini ya bomba, amebaki na fulana, shati limezama kwenye povu. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mvi na shada la funguo.

"Kumbe mke mwenzangu ana mvi!" dobi alifoka.

"Mke mwenza?" Mama yule alipiga makofi kwa mshangao. "Mwanangu, huyu amenichosha! Wengine wanaokuja kutazama vyumba vyangu vya kupanga huuliza choo kiko wapi. Yeye kila wiki anakuja kufua shati, anaondoka nalo linachuruzika!"

Fundi aliinuka, mikono ikidondosha maji. "Nilitaka kukuhamishia kazi yako huku, kwa ajili ya mikono yako. Lakini nasikia kiangazi wanachanganya maji haya na ya kisima. Ningekuleta halafu bomba libadilike? Nikasema nifue kila wiki, nione kama shati litabaki laini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nakuhamisha ili nikufiche nini."

Ilikuwa kweli, na dobi alichukia kwamba ni kweli. Alikunja mikono ya gauni, akafungua bomba mwenyewe, akanusa.

"Yananuka magugu."

"Mvua zikinyesha yananuka," mwenye nyumba alikiri. "Unayaacha yatulie kwenye ndoo. Ya kunywa, chemsha. Sikufichi."

Dobi alichukua sabuni, akaipitisha viganjani mara moja tu. Povu likapanda hadi viwikoni, na mipasuko ya vidole haikumchonyota. Machozi yakamtoka. Hakuna mtu aliyewahi kuiwazia mikono yake kiasi hicho.

"Vyumba vingapi?" aliuliza, bado kwa sauti ya polisi.

"Viwili. Kimoja cha kazi yako."

"Na cha pili cha nani?"

"Chetu. Ukikubali nikuoe."

Dobi alilitoa shati kwenye beseni, akaligeuza ukosi, akalikagua juani mbele na nyuma. Hakuona kitu. Akalirudisha majini na kupiga magoti kando ya fundi.

"Nimekubali," alisema. "Lakini kuanzia leo shati hili lisiguswe na mkono mwingine. Hata wako."