Maelezo ya Mistari Mitatu

Mfanya usafi alimkuta fundi cherehani katika stoo ya vitambaa ya karakana ya ushonaji saa saba mchana, gauni limechanika begani, macho yameganda ukutani. Hakuwa amepiga kelele. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na maneno yake yote yalikaa mikononi.

Siku ya tano jalada lilitua mezani kwa Inspekta. Wakili wa serikali alilileta mwenyewe.

"Kubakwa amebakwa, daktari amethibitisha. Lakini na nani? Mwenyewe anasema hakumwona. Na shahidi mwingine hana."

"Mahakama haihitaji mashahidi wawili. Inahitaji mmoja wa kuaminika."

"Haya, Mzee Rula. Mlete huyo mmoja kabla ya Ijumaa, la sivyo nalifunga."

Kituoni walimpachika Inspekta jina hilo kwa kuwa alipigia mstari mwekundu kila kosa la askari wake. Tangu afiwe na mkewe, makosa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Nyumbani alipika chakula cha mtu mmoja, akakila akiwa amesimama.

Alisoma maelezo ya fundi. *Nilishikwa kwa nyuma. Kulikuwa na giza. Sikumwona.*

Giza? Alikwenda kusimama ndani ya stoo ile saa saba mchana. Dirisha lilikuwa pana kama mlango; alisoma maandishi kwenye vibiringo vya uzi bila kuvaa miwani. Akarudi, akamwita konstebo aliyeyaandika maelezo.

"Yalichukua muda gani?"

"Kama dakika arobaini, afande."

"Dakika arobaini, mistari mitatu?"

"Alirusha mikono sana. Mkalimani akasema anajirudiarudia tu."

"Mkalimani gani?"

"Msimamizi wa karakana, afande. Pale ndiye pekee anayejua lugha ya alama. Mtu muungwana, alijitolea mwenyewe."

"Nipe kijitabu chako."

Kiliandikwa kwa hati safi: *Mlalamikaji amemnyooshea kidole mkalimani mara nne. Analia.*

"Hapa ulielewa nini?"

"Kwamba anamhimiza atafsiri haraka."

Inspekta alikifunga kijitabu taratibu. Safari hii hakutafuta kalamu nyekundu.

"Konstebo, ulimuuliza ni nani. Alikuwa anakujibu."

Asubuhi iliyofuata alimpeleka mwalimu wa shule ya viziwi chumbani kwa fundi. Mikono ya fundi ilisema kwa saa mbili. Mwalimu alitafsiri. Inspekta aliandika kurasa kumi na moja.

Mchana msimamizi aliketi mbele yake, mikono ya shati imefungwa vifungo.

"Kunja mkono wa shati, wa kushoto."

"Wa nini, afande?"

"Kunja."

Chini ya kiwiko palikuwa na michirizi mitatu iliyoanza kupona.

"Mashine ya kushonea hiyo."

"Mashine haina kucha. Daktari alichukua sampuli chini ya kucha za fundi. Maabara itataka na yako."

Msimamizi aliushusha mkono wa shati.

"Nani amemtafsiria?"

"Mtu mwingine. Wanawake ishirini wanashona pale. Kwa nini yeye?"

"Hao ishirini wangesema." Sauti yake ilishuka. "Yeye, kila neno lake lilipita kinywani mwangu. Miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mtu wake pekee wa kuongea naye. Nilijua atanitaja, afande. Nilijua pia kwamba atanitaja kwangu mimi mwenyewe."

Akatia sahihi maungamo yake.

Ijumaa wakili wa serikali alisoma kurasa zote kumi na moja, hakutania. "Shahidi huyu atasimama mahakamani," alisema. "Kwa mikono yake mwenyewe."

Inspekta alikwenda kumpasha fundi habari, akiwa na mwalimu. Fundi alisikiliza kwa macho, kisha akauliza jambo.

"Anasema," mwalimu alitafsiri, "sasa kule karakanani ataongea na nani?"

Inspekta alisimama na kofia yake mkononi, akafikiria jiko lake na sahani yake moja.

"Nifundisheni kusema 'habari za asubuhi' kwa mikono," alisema.

Akajaribu. Vidole vilikuwa vizito, akakosea. Fundi akatikisa kichwa kwa ukali, akamwonyesha tena kuanzia mwanzo.