Ofafa Gani?

Austine aliruka dirishani.

Nerima Wakoli hakuruka. Alishuka ngazi za saiba, duka la kompyuta na mtandao, vidato vitatu kwa mkupuo, akatokea nje penye kelele za soko la nyama la Burma. Wachinjaji walikuwa wamesimama na visu mkononi, wakimtazama kijana mwenye shati la hariri akitoka mbio kuelekea Shauri Moyo.

Bastola ya Nerima aina ya Browning ilikuwa chini ya koti. Hakuitoa. Hasira ilimtosha.

Kijana alikata kona, akapita juu ya masanduku ya bati ya mafundi, akaangusha moja. Fundi akamtukana hadi nyanya yake. Austine akateleza, akainuka, akageuka kutazama nyuma.

Kosa.

Nerima alimgonga kiunoni kwa bega. Wote wawili wakaanguka juu ya vipande vya mabati.

"Gari liko wapi?"

"Gari gani, auntie? Mimi ni msee wa kwaya tu."

Pingu zikalia.

Asubuhi ya siku hiyo peja ya Nerima ya Motorola ilikuwa imetetemeka mezani. Ujumbe ulitoka kwa Vivian, binti ya kaka yake, mtoto aliyemlea mwenyewe tangu kaka alipozikwa kule Bungoma. SENGE, NIMEPATA KAZI YA UUGUZI NG'AMBO. GARI OFAFA SAA TISA. USIKASIRIKE. Senge ni shangazi kwa lugha yao.

Alikasirika. Mwaka huo wa 1999 wasichana kadhaa wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, walikuwa wameahidiwa kazi hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu nyumbani. Wote walipewa anwani moja ya mtandao, fupi kama jina la utani, kwenye vikaratasi vilivyogawanywa nje ya makanisa. Kulikuwa na kampuni ng'ambo iliyotoa anwani fupi za namna hiyo bure. Unaipa anwani yako ndefu isiyotamkika, nayo inakupa jina dogo. Anayefungua jina hilo anapelekwa unakotaka wewe, na unaweza kubadilisha mwisho wa safari yake kila saa, jina likabaki lile lile.

Idara ya upelelezi, alikofanya kazi Nerima, iliifungua mara moja tu. Mzee Nahashon, mkuu wa Nerima, aliona picha ya kwaya iliyovaa majoho. Akafunga faili. Nerima alivifuata vikaratasi hadi saiba ya Burma vilikochapwa, akamkuta Austine kwenye kompyuta.

"Ofafa gani?" Nerima alimuuliza Austine.

Kuna mtaa wa Ofafa Jericho. Kuna Ofafa Maringo. Kuna Ofafa Kunguni. Labda Vivian ndiye aliyefupisha, labda ni opereta wa peja. Kila mtu mjini alikuwa akifupisha, na Nerima ndiye aliyeachiwa mbio.

"Ofafa ni Ofafa," Austine alisema, akitabasamu na damu mdomoni. "Na tisa ishapita. Washapanda, auntie. Umelate."

Nerima alitamani kumpiga. Akampiga, mara moja. Kisha akamsukuma ndani ya Peugeot 504 ya Masinde, mwenzake kazini, akarudi saiba.

Ndindi, msichana mwenye zamu, alikuwa bado ameshika kifua. "Madam, yule ameruka akaacha mashine hivyo tu. Sijaigusa."

"Umefanya vizuri."

Kompyuta ya Compaq ilikuwa inanguruma. Kwenye kioo kulikuwa na kurasa tatu, na anwani fupi ile ikisubiri kuambiwa ielekee ukurasa upi. Wa kwanza ulikuwa wa kwaya, wa kuonyesha wapelelezi wavivu. Wa pili ulikuwa wa kazi ya uuguzi, wa kuonyesha wasichana. Wa tatu ulikuwa wa dereva, na Austine alikuwa amekatizwa katikati ya mstari.

DEREVA, MZIGO PELEKA

Mzigo.

Vivian aliyeimba sauti ya pili kila Jumapili. Vivian aliyeogopa mende. Nerima akaivuta kibodi karibu. Akatoa simu yake ya Nokia.

"Mzee, dereva hajui anakowapeleka. Atasimama kwenye saiba yoyote, afungue anwani, asome. Maagizo nitaandika mimi."

"Walete kwenye godauni letu Industrial Area," Nahashon alisema. "Andika anwani kamili. Barabara na namba ya ploti."

"Mzee, tangu lini dereva wa Eastlands akaelekezwa kwa namba ya ploti? Atajua ni serikali."

"Utaandika nini basi?"

"Vile watu husema."

Maagizo ya safari iliyopita yalikuwa bado pale chini: MOWLEM, KWA WELDING. Nerima akamalizia mstari wa Austine kwa mtindo huo huo.

INDAA, KWA MISHUMAA. GETI LIKO WAZI.

Kiwanda cha mishumaa kilikufa zamani, na Idara ndiyo iliyokodi godauni lake. Lakini vibarua wanaosubiri kazi Indaa, yaani Industrial Area, kila asubuhi huliita hivyo mpaka leo, na hakuna ramani inayolijua jina hilo. Dereva angelijua. Anwani fupi ni nzuri kwa anayejua inaishia wapi. Vivian hakujua. Nahashon alikuwa na uwezo wa kujua, akashindwa na uvivu, na hilo ndilo lililomchoma Nerima kuliko tabasamu la Austine.

Aliielekeza anwani fupi kwenye ukurasa wa dereva. Akabonyeza.

"Ndindi, funga mlango. Mtu asiiguse hii mashine."

Hiace nyeupe iliingia Indaa jua likianza kulegea. Ikapiga honi mara mbili.

Masinde, ndani ya ovaroli chafu, aliipungia mkono iingie. Mbele alikaa dereva, na kando yake mzungu wa shati la kitani, mkoba wa ngozi magotini. Mnunuzi.

Geti likafungwa.

Mzungu alitazama chini. Chini ya ovaroli chafu Masinde alikuwa amevaa viatu vya serikali, vimepigwa rangi vikang'aa. Mkono wa mzungu ukazama mkobani.

Nerima alikuwa nyuma ya pipa. Risasi yake ilipasua kioo cha pembeni, vigae vikamrukia mzungu usoni.

"Toa mkono. Polepole."

Mkono ukatoka mtupu. Dereva alikuwa tayari amelala juu ya usukani akiomba Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao.

Redio ya Nerima ikakoroma, Nahashon akimwita kwa jina lake la kazi. "Sindano, hapa Kituo. Mzigo umefika?"

"Wasichana wamefika."

"Wangapi?"

"Wote wa leo, Mzee. Wale wa kabla ya leo utaniambia wewe wako wapi."

Nerima hakungoja jibu la redio. Akaizima.

Vivian alishuka wa mwisho, amevaa gauni la kanisani, begi jipya mkononi. Hakulia. Alikuwa amevimba kwa hasira.

"Senge, umeniharibia maisha. Nilikuwa nimepata kazi. Kwani ni lazima kila kitu ujue wewe?"

Wenzake waliinamisha vichwa. Nerima hakubishana naye.

"Rudi ndani."

"Eh?"

"Ingia, ukae pale ulipokuwa."

Vivian akaingia kwa ukaidi, akajibwaga kwenye kiti. Nerima akavuta mlango ukajifunga.

"Sasa fungua ushuke."

Walisikia kiganja kikipapasa bati. Kikapapasa juu, kikapapasa chini. Kwa ndani hapakuwa na kitasa. Mahali pake palikuwa pamechomelewa bati. Madirisha nayo yalikuwa yamepakwa rangi.

"Senge?"

Kisha ngumi zikagonga, kisha visigino vya viatu alivyovivua.

"Senge, nifungulie. Senge."

Alifungua hapo hapo. Vivian alitoka akihema, viatu amevishika mkononi, akautazama mlango ule kwa nje, kitasa kikiwa upande mmoja tu.

Nerima alirudisha Browning chini ya koti, akachukua begi la Vivian, akaanza kutembea kuelekea getini. Hakugeuka. Nyuma yake alisikia miguu mitupu ikimfuata.