Bomu Moja, Zamu Nzima

Kila siku kengele ya kutoka shule ikilia, Tabia alikuwa na nusu saa kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Nusu saa hiyo hakuipeleka nyumbani. Alikwenda mbio kwa kaka Haji, Mpemba aliyeweka chumba cha TV gemu pale Nguvumali. Tangu ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje itolewe, vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa mjini, lakini gemu mtaa mzima lilikuwa hilo moja, na umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Sasa gemu lenyewe lilikuwa hivi. Wewe ni askari, maadui wanakujia kila upande, na bomu umepewa moja tu. Pembeni kuna mateka wenye nguo nyeupe, hao unatakiwa uwaokoe. Wavulana wakiona maadui wawili walirusha bomu papo hapo, kisha wakafa kabla raundi haijafika katikati. Tabia hakuwa na haraka. Alikimbia, akazunguka ukuta, akawaacha wamfuate msururu mzima mpaka wote wabanane kichochoroni. Hapo ndipo alipobonyeza. Wote chali.

Haji alimwonyesha kwamba mateka wawili nao wamelala palepale. "Bomu halijui adui ni nani," akamwambia.

Tabia hakugeuka. "Mateka anakata pointi kumi tu, kaka."

Shuleni, Tabia wa darasa la sita alikuwa kiranja wa usafi. Yeye ndiye aliyeandika zamu ya watu watano wa kujaza pipa la maji. Pipa likikutwa tupu, zamu nzima ilifagia stoo ya zamani yenye magunia ya chokaa. Haikuulizwa nani kakosa.

Na hapo ndipo alipopata wazo. Asmaa, Bibiana na wenzao wawili walimwita Bi Kandambili tangu viatu vyake vipasuke akaanza kuja na kandambili, tena kila asubuhi, mbele ya watu. Tabia akawaandika wote wanne zamu ya Alhamisi. Akabakiwa na nafasi moja. Kila mtu alishakuwa na siku yake isipokuwa Rahila, shoga yake wa dawati moja. Rahila alikuwa na pumu, na mama yake alishaomba apewe kazi ya kumwagilia maua tu. Penseli ikasimama. Kumi tu, Tabia akawaza, akaliandika jina.

Alhamisi wale watano walijaza pipa mpaka juu. Wakati wa mapumziko Tabia akachomoa kizibo cha pipa.

Mwalimu Timotheo, mgeni kutoka Lushoto, alikuta pipa tupu na tope chini yake. Asmaa akaapa kwamba walijaza. Rahila akanyoosha mkono kueleza habari ya kifua chake, lakini hakumaliza.

"Adhabu ya zamu ni ya zamu," mwalimu akasema.

Tabia alitazama kutoka dirishani. Vumbi jeupe lilipofuka mlangoni mwa stoo alicheka. Asmaa akatoka kwanza, nywele nyeupe kama ajuza, akifuatiwa na Bibiana, kisha wale wawili. Tabia alihesabu wanne. Wa tano hakutoka.

Asmaa ndiye aliyerudi ndani kumbeba. Midomo ya Rahila ilikuwa imebadilika rangi.

Siku tatu alilala hospitali akivuta hewa ya mtungi, na siku tatu shule nzima ilimwita Asmaa muuaji, ikidhani ndiye hakujaza pipa. Tabia alinyamaza. Mambo yalikuwa yamekwenda mbali kuliko alivyopanga.

Siku ya nne Mama Rahila akaja kwa Tabia kuazima madaftari. "Anakuulizia wewe tu, mwanangu," akasema. "Anasema wewe ndiye mwenzake."

Tabia akashindwa kuficha zaidi. Akaeleza yote, kizibo, kichochoro, mpaka zile pointi kumi. Mama Rahila hakumpiga. Alimshika mkono, akampeleka hadi kwa Mwalimu Timotheo, akamwambia arudie upya.

Walipomaliza kumsikiliza, mama alisema polepole. "Wewe Tabia ulimwona mwanangu, ukamtia kwenye hesabu. Wewe mwalimu hukumtazama kabisa. Ukitaka kumwadhibu mtu, mtafute mwenye kosa. Usipompata, usimwadhibu yeyote."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Adhabu ya zamu nzima ikafutwa. Tabia alivuliwa ukiranja, akakiri mstarini mbele ya wote, akawaomba msamaha Asmaa na wenzake, na stoo akaifagia peke yake wiki mbili, akinyunyiza maji kwanza.

Rahila aliporudi alihamia dawati la Asmaa. Akapita kuchukua rula yake.

"Nimeambiwa mimi ni pointi kumi," akasema.

Mchana ule kengele ilipolia Tabia alipita mlangoni kwa Haji, akaisikia milipuko ya gemu, akaendelea na njia. Alifika chuoni kabla ya wote.