Chaji Tu

"Kahawa imenyeshewa."

Sauti ya mkuu ikakatika. Tusekile akairudisha redio yake ya Motorola kiunoni, akaipenyeza pikipiki yake ya Boxer katikati ya malori yaliyopanga foleni ya kuingia Zambia. Goti lilimuuma. Umri wake ulikuwa wa kukaa ofisini, lakini nani angemsikiliza?

Maana ya yale maneno aliijua.

Majina yamevuja.

Asubuhi ile, tajiri mmoja wa dhahabu ya magendo alikuwa amelitamka jina la Gwantwa, mama ntilie wa machimbo ya Galula, aliyekuwa akiwapa maofisa wa usalama kama Tusekile habari za tajiri huyo. Hilux nyeupe yenye watu wanne ilishatoka Tunduma kwenda kumuua.

Na jina hilo lilihifadhiwa kwenye kompyuta moja tu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri. Haikuwa na intaneti. Wifi na bluetooth vilikuwa vimeng'olewa kabisa. Flashi ilikuwa marufuku. Mlinzi wake, Sadoki, alikuwa mlokole asiyejua hata kudanganya.

Tusekile aliingia bila hodi, bastola yake ya Beretta mkononi.

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Kompyuta pekee ndiyo iliyowaka, kwa betri ya sola. Ubavuni mwake palichomekwa waya, na kwenye waya simu mpya.

"Sadoki, hiyo nini?"

"Simu, dada. Nachaji tu."

"Kwenye hiyo mashine?"

"Sijaunganisha mtandao, haki ya Mungu! Umeme hakuna tangu juzi, na mama anaumwa kule Ibaba. Simu ikizima watanipataje?"

"Umeitoa wapi?"

"Nimezawadiwa. Kuna rafiki yangu mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka..."

Akaitazama simu. Akakaa sakafuni, mikono kichwani.

Tusekile hakumfokea. Alichoka tu, akachoka hadi mifupani. Makufuli yote yale, na adui kapita kwenye waya wa chaji! Simu ilinyonya umeme na majina kwa pamoja, kisha Sadoki akatoka nayo barabarani, ikayatuma.

Redio ikakoroma. Alikuwa Ambwene, kiongozi wa kikosi cha Mbozi.

"Hilux imeshapita Mlowo. Hatuifikii."

"Msiikimbize. Jificheni kwenye ghala la kahawa la Mlowo, lile lililofungwa. Watarudi wenyewe."

Akafungua faili la Gwantwa. Akafuta Galula, akaandika kwamba amehamishiwa ghala la Mlowo. Akaiacha simu iunyonye uongo huo, kisha akaichomoa, akatoka nayo hadi barabarani.

Mtandao ukasoma, na simu ikautuma uongo kwa tajiri.

Akasubiri, redio mkononi.

"Wamegeuza," Ambwene alisema.

Baadaye: "Tumewadaka wote wanne. Hakuna risasi."

"Sawa."

Sadoki alikuwa bado sakafuni. "Nitafukuzwa, dada?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Kamwone mama yako."

Jioni Tusekile alifika Galula na Land Cruiser. Gwantwa alikuwa akikoroga maharage, wachimbaji wakinawa mikono.

"Wamekamatwa, mama. Ila jina lako sasa wanalijua wengi. Tuondoke."

Gwantwa akalitazama shamba lake nyuma ya banda. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka.

"Nitarudi lini kuvuna?"

Uongo ulikuwa rahisi. Tusekile alishauandika mmoja leo, na ulifanya kazi.

"Hutarudi, mama."

Gwantwa akaendelea kukoroga. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Basi niwapakulie hawa kwanza. Wametoka shimoni na njaa."

Tusekile akaitazama barabara. Ilikuwa tupu. Akaichomeka Beretta kiunoni, akachukua sahani, akaanza kugawa.