Sauti Aliyoitambua Wifi

— Hebu sema tena, wifi.

Mwalimu alikuwa na kikombe cha chai mkononi, hajanywa hata funda. Ndiyo kwanza fundi seremala, mchumba wake, amemleta kwao kumtambulisha kwa mama yake na mdogo wake wa kike, binti wa miaka kumi na sita asiyeona tangu kuzaliwa. Walimwita Kasuku, maana lolote alilolisikia redioni alilikariri neno kwa neno.

— Niseme nini, wifi yangu?

— Basi, yatosha. Sauti hii naijua. Ndiyo iliyonikatalia shule.

Fundi akacheka kicheko cha aibu.

— We naye! Ulikuwa na miaka saba.

— Saba, ndiyo. Alimwambia marehemu baba, "Hapa hatuna uwezo, atawachelewesha wenzake." Nikamuuliza, "Nikikaa kimya, nitaruhusiwa?"

Swali hilo Mwalimu alikuwa nalo miaka tisa. Lilimfuata ubaoni, likamfuata kwenye madaftari. Kila asubuhi akimaliza kuita majina, alihisi kuna moja amelibakiza.

— Umenifananisha, wifi. Sauti hufanana.

Uongo ukamtoka mwepesi kama unyoya. Kasuku akageuza uso upande wa ukuta.

Jumatano, wakati wa mapumziko, ujumbe wa Fundi ukaingia: "Mpenzi, Kasuku hali chakula tangu Jumapili. Nimemkemea. Jumamosi namleta akuombe radhi."

Mwalimu akausoma mara tatu. Akatoka nyuma ya darasa, akapiga.

— Asiniombe radhi.

— Kwa nini? Amekuvunjia heshima.

— Amesema kweli. Ni mimi.

Mlio wa randa upande wa pili ukakoma.

— Wewe ndiye nini?

— Ndiye niliyemkataa. Nilikuwa mgeni kazini. Sikujua namna ya kumfundisha, nikaona aibu kuuliza.

— Baba alirudi siku ile akaitundika ukutani sare aliyokuwa amemshonea. Ilikaa pale mpaka anakufa. Na Jumapili ulimfanya mdogo wangu mwongo mbele ya mama!

— Nisamehe.

— Aibu yako imemla mtoto miaka tisa, Mwalimu.

Si mpenzi tena. Mwalimu. Simu ikakatika.

Alifuta uso, akaenda moja kwa moja ofisini.

— Mkuu, naomba kumwandikisha binti asiyeona. Akae darasani kwangu.

— Una watoto arobaini na sita! Atawachelewesha wenzake.

Maneno yake mwenyewe, sasa yametoka kinywani mwa mwingine.

— Hata mimi niliwahi kusema hivyo, Mkuu. Jana nilimtafuta, nikampata mwalimu wa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole. Atakuja mara mbili kwa wiki. Nitajifunza pamoja na binti.

— Ukishindwa?

— Nitakuja kukuambia wewe kwamba nimeshindwa. Sitamwambia yeye.

Mkuu akavuta fomu.

Jumamosi Mwalimu alikwenda peke yake. Fundi alipomwona, akaingia chumbani akafunga mlango. Kasuku alikuwa sebuleni na mama yake.

— Shikamoo, mama. Siku ile nilidanganya. Mwanao alisema kweli.

Kasuku ndiye aliyejibu.

— Radhi sikupi leo.

— Sikuijia. Nafasi ya shule ipo, ukiitaka. Utakaa na watoto wa miaka kumi.

— Watanicheka?

— Wengine watakucheka.

Vidole vya binti vikawa vinapapasa ukingo wa meza.

— Jumatatu saa ngapi?

Kwa miezi mitatu Fundi alimleta mdogo wake kila asubuhi. Alimtengenezea dawati pana, akalibeba mwenyewe begani. Kwa Mwalimu alikuwa na neno moja tu: "Habari." Kama anamsalimia mpita njia.

Asubuhi moja alichelewa kuondoka. Kupitia dirishani akawaona Mwalimu na mdogo wake wameinamia karatasi moja, vidole vyao vinasoma.

— Siyo hivyo, Mwalimu! Una vidole vizito kama mchi!

Darasa zima likaangua kicheko. Fundi naye akacheka kabla hajajizuia. Mwalimu akageuka, akatoka mlangoni.

— Bado nina hasira, akasema Fundi.

— Najua.

— Na bado nakupenda. Nimejaribu kuacha, imenishinda.

— Oaneni, bwana! Kasuku akadakia kutoka ndani. Msamaha wangu unakuja kwa miguu, msiusubiri.

Walioana likizo ya mwisho wa mwaka. Kasuku alisoma hotuba kwa vidole, na hata mama yake alimkumbatia mkwewe, akalia.

Lakini Mwalimu hakupona kabisa. Siku ya kuandikisha wanafunzi wapya hakukaa ofisini. Alisimama getini tangu asubuhi, akitazama wanaoingia, na zaidi wanaotoka. Saa tano akamwona baba mmoja, mtoto mgongoni, miguu ya mtoto imelegea kama kamba. Hakuna aliyemfukuza. Alisimama kidogo mbali na geti, akazitazama ngazi za shule, akageuka.

— Baba! Mwalimu akapaza sauti. Baba, ngoja!

Hakusikia. Alishafika barabarani.

Mwalimu akavua viatu, akamkimbilia.